Benchi Lililomng'ata Mzee Filemon

Evelyn alipuliza moto, akabandika chungu cha mtori wa ndizi na nyama, halafu akatazama juu. Kwenye dari ya jikoni, juu kabisa ya moto, mbao zilikuwa zimelala kwa safu. Zilikuwa mbao za mgrevilea, zimepasuliwa kutoka kwenye miti ya kihamba chao wenyewe, shamba la migomba lililozunguka nyumba.

"Zimekauka?" aliuliza Thadeus, mumewe, akiwa mlangoni.

Evelyn alipanda juu ya kigoda. Akagonga ubao mmoja kwa kidole. Ubao ukalia, ko!

"Zimekauka mpaka zinaimba, Baba Tito!"

"Aisee! Mke wangu una akili."

Evelyn alicheka. Wazo la dari lilikuwa lake. Yeye na Thadeus walikuwa maseremala katika kijiji kimoja juu ya Moshi, njia ya Uru. Thadeus alipima na kukata. Evelyn alipiga randa na kupaka gundi. Miaka mingine walikausha mbao bandani, polepole, kwa miezi mingi. Lakini mwaka huu masika hayakutaka kuisha, na kwaya ya kigango, kanisa dogo la kijiji, ilitaka mabenchi mapya kabla ya sikukuu. Ndipo Evelyn aliposema, "Mahindi tunakausha juu ya moto. Nyama tunakausha juu ya moto. Mbao zina kosa gani?"

Walifanya kazi kwa mpangilio wao. Mbao zikiwa bado mbichi na laini, Evelyn alipiga kingo zake randa mpaka zikanyooka. Kisha wakazipandisha darini. Sasa zilikuwa kavu. Wakazishusha. Evelyn akafuta masizi kwa kitambaa kibichi, na uso wa juu akaupiga randa ung'ae. Kingo hakuzigusa, maana alikwisha kuzinyoosha. Akazipaka gundi nyeupe. Thadeus akaziunganisha mbili mbili, ukingo kwa ukingo, ili kila benchi lipate kikalio kipana.

Mabenchi yalipendeza. Ukipitisha mkono juu ya kikalio, huwezi kujua mbao zimekutana wapi.

"Haya ni mabenchi ya askofu," alisema Thadeus.

Jumapili baada ya misa, kwaya ilikaa juu ya mabenchi mapya kufanya mazoezi. Sauti ya kwanza walikaa mbele. Nyuma kabisa walikaa wazee wa sauti ya nne, wanaume wenye vifua vipana. Katikati yao alikaa Mzee Filemon. Huyu ndiye mwenye sauti nzito kuliko wote. Akiimba, vioo vya madirisha hutetemeka.

Mwalimu wa kwaya aliinua mkono. Mzee Filemon alivuta pumzi, akajaza kifua, akafungua kinywa.

Taa!

Ilikuwa sauti ya ubao. Kikalio kilifunguka katikati kama mdomo. Mzee Filemon alizama kidogo. Wenzake wa pande zote mbili wakaruka kwa hofu, uzito ukaondoka, na mdomo ule ukajifunga, ukamnasa suruali.

"Yeleuwi!" alipiga kelele Mzee Filemon. "Limening'ata! Benchi limening'ata!"

Akarukia mbele. Akaangukia sauti ya tatu. Sauti ya tatu ikaangukia sauti ya pili. Kanisa zima likacheka mpaka watu wakalia machozi. Lakini Mzee Filemon hakucheka. Alisimama, ameshika kiuno kwa mkono mmoja na suruali kwa mkono wa pili.

"Fundi Thadeus," alisema, "mimi sikai tena juu ya benchi la nyumba yako. Nitaimba nimesimama mpaka siku ya kuzikwa."

Kicheko kikakatika. Mama Mektrida, mwenyekiti wa kwaya, aliwavuta Evelyn na Thadeus pembeni.

"Sikilizeni, wanangu. Siku ya sikukuu tunapokea kwaya kutoka Mkuu, Rombo. Wageni hao watakaa wapi? Juu ya mabenchi yanayouma? Na wazee wetu je? Leo ni suruali, kesho ni mguu. Jumapili ijayo nataka kuona benchi ambalo Mzee Filemon mwenyewe atakubali kulikalia. Asipokaa, tutaagiza mabenchi mjini, na kazi ya kanisa ninyi basi tena."

"Tumeelewa, mama," alisema Evelyn.

Habari ilifika nyumbani kabla yao. Njiani watoto walikuwa tayari wanaimba, "Kaa usikae, litakung'ata!"

Jioni hiyo Thadeus alikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba. Akaenda nalo kwa Mzee Filemon kuomba radhi. Kwa mila yao, mtu akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Mzee Filemon alilipokea kwa mikono miwili.

"Isale nimelipokea," alisema. "Wewe nimekusamehe, mwanangu. Benchi bado sijalisamehe."

Kesho yake Thadeus alinunua gundi nyingine.

"Ile ya kwanza ilikuwa feki," alisema. "Sasa nitaimwaga kama asali."

Akaimwaga kweli. Gundi ikajaa kwenye kiungo, ikachuruzika hadi chini. Wakaiacha ikauke, siku moja, mchana na usiku. Halafu Evelyn akaweka kikalio juu ya mawe mawili, akakikanyaga katikati kwa mguu mmoja.

Taa! Kikafunguka vilevile, palepale.

"Basi ni misumari!" Thadeus alisema kwa hasira. "Mirefu! Tuone kama itafunguka tena."

Evelyn alikuwa ameinama, anatazama mahali palipofunguka. Alipitisha kidole. Palikuwa laini, laini mno, kama ukucha. Aliona jambo jingine pia. Gundi yote ilikuwa imebaki upande mmoja. Upande wa pili ubao ulikuwa mtupu, una rangi ya chai.

"Baba Tito, subiri kwanza. Hebu tazama hapa."

"Nitazame nini? Imevunjika, imevunjika tu!"

"Nani amekuambia imevunjika tu?" sauti ilisema kutoka nje.

Alikuwa Shangazi Beatrice, shangazi yake Thadeus, anaingia na mfuko wa mchele wa Kahe kichwani. Beatrice aliishi Rau, na kwa miaka mingi alifanya kazi katika kiwanda cha milango mjini. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti kubwa, na alipenda kujisifu.

"Shikamoo, shangazi!" walisema pamoja.

"Marahaba. Nimesikia mmefuga benchi lenye meno!" Akatua mfuko, akacheka mpaka mabega yakaruka. "Habari imefika mpaka Rau. Vipande viko wapi? Msiniambie mmevichoma!"

"Hivi hapa," alisema Evelyn.

"Vizuri. Mnajua kazi yangu kiwandani ilikuwa nini?"

"Kutengeneza milango," alisema Thadeus.

"Thubutu! Wenzangu walitengeneza. Mimi nilivunja. Kila asubuhi nililetewa vipande vilivyounganishwa kwa gundi. Navivunja, naviangalia, nasema: hii iende, hii isiende. Meneja mwenyewe alikuwa ananisubiri mimi. Lete hapa."

Alipeleka kipande kwenye mwanga.

"Mama Tito, uliona nini hapa?"

"Niliona ni laini, shangazi. Na gundi imebaki upande mmoja tu."

"Haya! Una macho wewe. Sasa sikia. Kitu kilichounganishwa kwa gundi kinaweza kuvunjika mahali pawili. Kinaweza kuachia kwenye gundi, au kinaweza kuvunjika kwenye mbao yenyewe. Kikiachia kwenye gundi, na uso ukawa laini hivi, ujue gundi haikushika. Ilijilaza tu juu ya ubao, kama mgeni aliyekaa ukingoni mwa kiti. Lakini gundi ikishika vizuri, inaingia kwenye vitundu vidogo vya mbao na kujifunga na nyuzi zake. Hapo ukivunja, mbao ndiyo inapasuka. Utaona nyuzi zimeng'oka, uso una manyoya."

"Kwa hiyo gundi inaweza kuwa na nguvu kuliko ubao?" Thadeus hakuamini.

"Inaweza, tena kwa mbao laini kama hizi za mgrevilea. Kama mwenye kuipaka ana akili."

"Basi mbona yetu haikushika?" aliuliza Evelyn. "Mbao zilikuwa kavu kabisa. Tulizikausha pale."

Beatrice alitazama juu. Aliona dari, nyeusi tii kwa masizi. Aliona chungu kikitoa mvuke wa mtori wenye mafuta ya nyama, na mvuke ule ukipanda moja kwa moja hadi juu. Akaweka mikono kiunoni.

"Nileteeni maji kwenye kikombe."

Alichovya kidole. Akadondosha tone moja juu ya ukingo wa ubao uliotoka darini. Tone likasimama. Likawa duara, linang'aa kama jicho la kuku. Wote watatu waliinama kulitazama. Halikuzama wala halikutawanyika.

"Sasa, Mama Tito, piga randa hapa pembeni yake. Kidogo tu."

Evelyn alipiga randa. Maranda meusi yalitoka kwanza, kisha yakatoka meupe, yenye harufu ya mbao mpya. Beatrice akadondosha tone jingine. Hili lilitandaa mara moja. Likaingia ndani ya mbao kama linanyonywa.

"Limekunywa!" Evelyn alipiga makofi. "Shangazi, ubao umekunywa!"

"Ndiyo! Na gundi yenu imechanganywa na maji. Mahali maji yanapokataa kuingia, gundi nayo itakataa."

Evelyn alitazama dari, akatazama chungu.

"Ni moshi," alisema polepole. "Ni moshi na mafuta ya chungu. Na mimi nilifuta kwa kitambaa tu."

"Kitambaa kiliondoa weusi. Mafuta yalibaki."

"Basi kosa ni langu. Dari ni wazo langu."

"Acha kujilaumu," alisema Beatrice. "Dari imekausha vizuri kweli. Shida ni mpangilio. Mlipiga kingo randa kabla ya kukausha, si ndiyo? Ubao ukikauka unasinyaa na kupinda. Kingo zilizokuwa zimenyooka zinapotoka. Zikikutana zinaacha mwanya. Na wewe Thadeus, ukauziba mwanya kwa gundi nene kama uji."

Thadeus alikuna kichwa. "Nilifikiri gundi nyingi ndiyo nguvu nyingi."

"Gundi nene ikikauka inasinyaa na kupata nyufa. Inatakiwa itande nyembamba, na mbao zibanwe zikutane. Kausha kwanza, piga randa baadaye, paka gundi siku hiyohiyo. Usiuache ukingo mpya ulale jikoni."

"Na misumari?"

"Msumari hauwezi kuifundisha gundi kushika. Hapo ukingoni utapasua ubao bure."

"Mimi siamini kwa maneno," alisema Thadeus. Lakini macho yake yalikuwa yameanza kucheka.

"Nani amekuambia uamini? Tuvunje!"

Basi banda likachangamka. Walitengeneza vipande vya majaribio. Cha kwanza walikipaka gundi kikiwa bado na masizi yake. Cha pili walikifuta kwa kitambaa, kama Evelyn alivyofanya mwanzo. Cha tatu Evelyn alikipiga randa, akadondosha tone la maji mwishoni kuhakikisha, akapangusa, akangoja pakauke, ndipo akapaka gundi nyembamba pande zote mbili. Hawakuwa na vibano vya chuma. Thadeus alifunga kila kipande kwa kamba, akapigilia kabari za mti kati ya kamba na ubao. Gundi ikachungulia kwenye kiungo kwa matone madogo madogo.

"Vizuri," alisema Beatrice. "Ikichungulia hivyo, imefika kote."

Thadeus naye alikuwa na jaribio lake. Alichukua mbao mbili fupi, akaziunganisha kichwa kwa kichwa, mahali msumeno ulipokata nyuzi.

"Nataka kupata ubao mrefu," alisema.

Beatrice alitabasamu tu. "Weka na hicho. Kesho tutaongea nacho."

"Kesho asubuhi?"

"Huku kwenu kuna baridi, mwanangu. Gundi hii ikipata baridi inachelewa. Viwekeni ndani penye joto, mbali na moshi. Tutavunja kesho jioni."

Kesho jioni majirani walikuwa wamejaa bandani. Wengine walikuja na vigoda vyao. "Sisi tumekuja na viti visivyong'ata!" walisema, wakachekana.

Beatrice aliweka kipande cha kwanza juu ya mawe mawili, kiungo kikiwa katikati. Thadeus akakanyaga. Hakikungoja. Kikaachia, tap, kama biskuti. Uso ulikuwa laini.

Cha pili kilivumilia kidogo. Kisha, taa! Laini tena.

Kile cha Thadeus cha kichwa kwa kichwa kikafuata. Kiliachia hata kabla hajaweka uzito wote. Majirani wakapiga kelele.

"Ubao mrefu uko wapi, fundi?"

"Nyuzi za mbao ni kama mirija," Beatrice aliwaeleza. "Ukizikata, kichwani kuna midomo ya mirija. Inanyonya gundi yote, na nyuzi hazilali pamoja zikashikana. Mbao hushikana ubavu kwa ubavu. Ukitaka kuunga kichwa, chonga ulimi uingie kwenye tundu, ubavu ukutane na ubavu."

Kikabaki cha tatu. Evelyn alifunga macho. Thadeus akakanyaga kwa mguu mmoja. Kimya. Akapanda kwa miguu miwili. Kimya. Akaruka.

Kwaa!

Evelyn alifungua macho. Kipande kilikuwa kimevunjika. Akakiokota, akakigeuza.

"Si kwenye gundi!" alipaza sauti. "Jamani, hakikuvunjika kwenye gundi! Kimevunjika pembeni, kwenye mbao! Tazameni manyoya haya!"

Alikizungusha kwa kila mtu. Kila mtu akapitisha kidole. Kiungo kilikuwa kizima, mstari mwembamba kama uzi, na ubao wa pembeni ndio uliochanika. Thadeus alikishika kwa muda mrefu.

"Aisee," alisema. "Aisee! Kimevunjika vizuri."

Siku zilizobaki za wiki hawakupumzika. Waliyapasua mabenchi yote kwenye viungo. Waliziondoa kingo za zamani kwa randa mpaka maranda meupe yakatoka. Tone la maji, randa, gundi, kamba na kabari. Mabenchi yakapungua upana kidogo, lakini hakuna aliyejali. Evelyn aliimba huku anafanya kazi, na Beatrice alikaa pembeni akimenya ndizi na kutoa amri.

Jumapili ikafika. Kwaya ilikusanyika nje ya kanisa. Mabenchi yalikuwa yamepangwa kwenye majani. Mzee Filemon alisimama mbali, amekunja mikono kifuani.

"Sikai," alisema.

"Hatukuombi ukae, babu," alisema Evelyn. "Tunakuomba uvunje."

Aliweka juu ya mawe kipande walichokiunganisha siku ileile walipounganisha mabenchi.

"Nivunje?"

"Kanyaga kwa nguvu zako zote. Lipiza kisasi."

Watu walicheka. Mzee Filemon aliona haya kukataa. Akasogea, akapanda. Kipande kikamshika. Akajitingisha. Kikamshika. Uso wake ukabadilika. Akaruka kwa buti zake mbili.

Kwaa! Kikavunjika.

"Mnaona!" alinguruma. "Nilisema! Kimevunjika!"

Watu wakaguna. Mama Mektrida akatikisa kichwa. "Evelyn, mwanangu..."

Lakini Evelyn alikuwa anaruka kama mtoto. "Kimevunjika vizuri! Babu, shika hapa! Gundi iko wapi?"

Mzee Filemon alikitazama. Akakisogeza karibu na macho. Akapitisha kidole chake kinene kwenye manyoya ya mbao, kisha kwenye mstari mwembamba wa gundi uliobaki mzima.

"Gundi hii hapa," alisema.

"Imeachia?"

"Haijaachia."

"Nini kimevunjika?"

"Ni mbao." Akakigeuza. "Mbao imeshindwa, gundi imebaki." Akainua macho. "Ina maana ili benchi linifungukie tena pale katikati, lazima nivunje mti wenyewe?"

"Mti wenyewe, babu."

"Na mimi nina uzito wa kuvunja mti?"

"Bado kidogo!" mtu wa sauti ya tatu alidakia, na kicheko kikalipuka.

Mzee Filemon akalizunguka benchi mara moja. Alichungulia chini yake. Akalisukuma kwa goti. Kisha, polepole, ameshika mikono ya wenzake wawili, akashuka, akashuka, akakaa.

Benchi lilinyamaza.

Alisogea kulia, akasogea kushoto. Akawaita wazee wote wa sauti ya nne, wakaja wakajaa ubavu kwa ubavu. Benchi likanyamaza bado. Mama Mektrida alimkumbatia Evelyn mpaka kilemba kikamdondoka.

Siku ya sikukuu kwaya kutoka Mkuu ilifika na ngoma zao. Wageni wakakaa, wenyeji wakakaa, na hakuna aliyeinuka na kelele isipokuwa kelele za furaha. Kwa Evelyn mbao bado hukauka juu ya moto. Ila bandani, kando ya kopo la gundi, kuna kikombe cha maji. Tone likisimama kama jicho la kuku, Evelyn husema, "Bado," akachukua randa. Tone likinyweka, hupangusa, hungoja pakauke, halafu huita, "Baba Tito, lete gundi!"

Siku hiyo ya sikukuu padri alianzisha wimbo wa Utukufu. Kanisa zima likasimama. Mtu mmoja tu alibaki amekaa, kule nyuma, kwenye sauti ya nne.

"Mzee Filemon, simama!" jirani yake alimnong'oneza. "Ni Utukufu!"

"Nasimama, nasimama," alijibu Mzee Filemon, akikipapasa kikalio kwa kiganja. "Mwambieni Thadeus na mke wake. Hata benchi nimelisamehe."

Akasimama. Akajaza kifua. Vioo vya madirisha vikatetemeka.